Kwa nini wenzako hawataki kuiacha Make

Ndugu yangu,

Salamu kwako na kwa wote nyumbani. Umeuliza kwa nini wenzako kazini wanang'ang'ania Make, zana ya zamani ya kujenga programu kutoka msimbo wake, wakati Bazel, zana mpya zaidi ya kazi hiyohiyo, imeizidi kwa mengi. Sioni uvivu hapo. Wanaogopa gharama ya kuhama, na gharama hiyo ipo kweli.

Itazame Android, ambako huwezi kusema fedha au wataalamu walikosekana. Ilikuwa na Makefile, yaani faili za maelekezo ya Make, nyingi mno. Google walipotaka kasi ya Ninja, zana nyingine ya ujenzi, hawakuwaamuru wahandisi waziandike upya; walitengeneza Kati, programu inayosoma Makefile zilezile na kutoa faili za Ninja. Katika Android 7.0, mwaka 2016, ikaingia Soong, mfumo mpya wa ujenzi wa Android, na moduli zikahamishwa kidogokidogo huku za zamani zikiendelea kujengwa. Mwaka 2020 wakatangaza kwamba watahamia Bazel, zana yao wenyewe. Mpango huo waliuacha njiani. Ikiwa mwenye zana ndiye mwenye msimbo na bado kuhama kumemshinda, wenzako wana haki ya kusita.

Ugumu wenyewe uko hivi. Make huangalia muda wa faili tu. Ukibadili chaguo la kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, kutoka -O0 (bila kuboresha kasi) kwenda -O2 (pamoja na kuboresha kasi), haijui. Ukisahau kutaja faili ya hedi, yenye matamko yanayotumiwa na faili nyingine, inakuachia matokeo ya zamani bila kusema neno. Bazel hukagua yaliyomo ndani ya faili, na kila hatua huiendesha mahali palipofungwa, kwa hiyo hedi usiyoitaja kwenye srcs, hdrs au deps, orodha zake za faili na utegemezi, haionekani na kazi inakwama. Huo ndio ubora wake, na ndio unaowakimbiza watu: kila utegemezi uliojificha kwa miaka unaibuka wiki ya kwanza, na zana mpya inalaumiwa kwa uchafu iliyoukuta.

Kuna maktaba za nje pia. OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, hujengwa kwa Perl na Make; ukitaka Bazel iijenge, lazima awepo mtu wa kuandika na kutunza BUILD yake, faili ya maelekezo ya Bazel, kila toleo jipya linapotoka. Waliohamia Bazel mapema walihama tena pale WORKSPACE, faili ya kutaja maktaba za nje, ilipoachwa na MODULE.bazel ikashika nafasi yake. Na msisahau kihariri: clangd, programu inayokisaidia kihariri kuuelewa msimbo, inataka compile_commands.json, orodha ya amri za kompaila. CMake, zana inayoandika faili za ujenzi kwa niaba yako, huitoa ukiweka CMAKE_EXPORT_COMPILE_COMMANDS=ON, lakini kwa Bazel mtategemea kiongezi cha watu wengine. Mhandisi asiyeweza tena kubofya jina la fankisheni akafika ilipoandikwa hatajali kwamba ujenzi umekuwa wa haraka.

Ninja imeenea kwa sababu hakuna anayelazimika kuiandika kwa mkono. CMake na Meson, zana ya aina hiyohiyo, ndizo zinazoandika faili zake, nayo inakaa chini bila kumsumbua mtu.

Kwa hiyo, nakusihi, usianze na Bazel. Pima kwanza kwa amri ya time mara tatu: ujenzi kutoka sifuri, ujenzi usio na badiliko lolote, na ujenzi baada ya kugusa hedi moja inayotumiwa na faili nyingi. Kisha ongeza -MMD -MP kwenye CFLAGS, orodha ya chaguo za kompaila, na mwisho wa Makefile weka -include $(OBJS:.o=.d), ili kompaila yenyewe iandike hedi zinazotumika. Weka ccache, inayohifadhi matokeo ya kompaila ili kazi isirudiwe, mbele ya kompaila. Pima tena.

Ikiwa bado ni taratibu, andikeni CMakeLists.txt, faili ya maelekezo ya CMake, kwa folda moja tu, mwendeshe cmake -S . -B build -G Ninja, na mbakize Makefile ya mistari michache inayoiita, ili wenzako waendelee kuandika make kama walivyozoea. Faili ikijengwa upya bila sababu, ninja -C build -d explain itakuonyesha kwa nini.

Nitumie zile namba tatu za mwanzo. Kama ya pili inapita sekunde chache, angalia kwanza kama Makefile zenu zinaitana folda kwa folda. Mara nyingi muda huishia hapo kabla kompaila haijaguswa.

Wako rafiki.