Barua ya malalamiko: ukuta tulioulipia hauzuii sauti

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Ukandarasi,
Dar es Salaam.

YAH: KUTA ZA VYUMBA VYA MIKUTANO KUPITISHA SAUTI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumatatu iliyopita mteja wetu alikuwa chumba namba mbili akisaini hesabu zake. Mara akaweka kalamu mezani, akatega sikio, kisha akaniuliza kwa upole, "Huyo anayedaiwa kodi ya miaka mitatu ni nani?" Mwenzangu alikuwa chumba namba moja na mteja mwingine, wakiongea kwa sauti ya kawaida tu. Sisi ni wahasibu. Sikuwa na la kumjibu.

Kwenye ankara yenu ukuta huo umeandikwa "wa kuzuia sauti, STC 50" (STC ni kipimo cha ukuta kuzuia sauti; namba ikiwa kubwa, sauti hupita kidogo), na bei yake tumeilipa. Jioni ile nilipanda ngazi, nikasukuma kigae kimoja cha dari, nikamulika kwa tochi ya simu. Ukuta unaishia palepale kwenye dari. Kutoka hapo hadi kwenye zege kuna uwazi wa karibu nusu mita, na mwanga wa chumba cha pili unapenya kwenye tundu la taa. Huko juu mafundi wenu wameacha chupa ya soda. Soketi za vyumba vyote viwili zimetobolewa mgongo kwa mgongo, na fundi umeme wetu alipofungua moja hakukuta ile sufi mliyotuonyesha kwenye sampuli.

Cheti cha maabara mlichotutumia hakijibu hoja. Kinahusu ukuta uliopimwa ukiwa umezibwa kila upande, na huu wetu haukuzibwa. Mtaalamu tuliyemwita aliweka spika chumba kimoja na kipima sauti chumba cha pili, akapata 32 badala ya 50. Najua ukuta uliojengwa hupungua kidogo ukilinganisha na wa maabara, ila kupungua 18 si kidogo.

Mkataba unasema kazi ikidhi masharti ya LEED (mfumo wa kutoa vyeti kwa majengo rafiki kwa mazingira) toleo la nne kwa kazi za ndani, ambako kipengele cha sauti kina pointi 2, na ukuta kati ya vyumba viwili vya mikutano hutakiwa kufika 50. Mapitio ya awali yametupa pointi 58, yaani cheti cha ngazi ya Fedha. Dhahabu inaanzia 60. Hesabu hiyo haihitaji mhasibu.

Mwangwi nao umezidi: sekunde 0.9 badala ya chini ya 0.6. Hilo sitalikuza, paneli chache za kitambaa zitalimaliza.

Meneja mradi wenu alishauri tufunge mashine ya mvumo wa kufunika sauti. Mvumo huo hauruhusiwi kuzidi desibeli 48, na haugeuzi nusu ukuta kuwa ukuta mzima. (Kabla ya hapo alisema tuwashe redio. Nilidhani anatania.)

Tunataka ndani ya siku 14 mpandishe kuta hadi kwenye zege, mjaze sufi, mzibe nyufa zote kwa silikoni, mhamishe soketi za upande mmoja na kufunga mpira chini ya milango. Kisha vipimo virudiwe na mtaalamu asiye wenu, kwa gharama yenu, kabla hatujawasilisha mapitio ya mwisho mwezi ujao. Fedha zenu za dhamana tumezizuia hadi matokeo hayo yatoke. Kazi ifanyike usiku au Jumapili; mchana tuna wateja.

Wako,
Meneja Utawala