Kazi ikikatika ghafla, miezi ya kwanza familia itakula nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wafanyakazi wa sekta binafsi, hasa wale ambao nyumba nzima inategemea mshahara mmoja. Wengi wanaamini kwamba kazi ikikatika, kiinua mgongo na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) vitawavusha hadi wapate nyingine. Vitasaidia, lakini ni kidogo kuliko wanavyodhani, na huja baada ya mwenye nyumba kuwa ameshabisha hodi. Pengo hilo huzibwa na akiba ya mfanyakazi mwenyewe, tena akiba inayoweza kutoka ndani ya siku chache.

Tufanye hesabu. Chukua mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 900,000 kwa mwezi, aliyemaliza miaka 6 kwa mwajiri mmoja, kisha akapunguzwa kazini kwa sababu biashara imeshuka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, mshahara wa siku ni 900,000 kugawanya kwa 26, yaani kama 34,600. Siku 7 mara miaka 6 zinaleta takriban 1,454,000. Juu yake kuna malipo ya notisi ya siku 28 kama hakupewa muda wa kuitumikia, likizo ambayo hakwenda, na gharama za kumrudisha alikoajiriwa iwapo alitolewa mbali na kituo cha kazi.

Siku 7 ni chache mno. Jirani zetu wa Kenya wameweka siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kwa anayepunguzwa kazini, na sioni sababu ya mfanyakazi wa Tanzania kuthaminiwa chini ya nusu ya hizo.

Sasa NSSF. Tangu mageuzi ya mwaka 2018 yalipoondoa lile fao la kujitoa, ambapo mwanachama alichukua michango yake akiacha kazi, kuna fao la kukosa ajira. Aliyechangia miezi isiyopungua 18, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kila mwezi kwa miezi 6. Mtu wetu atapata kama 300,000. Tuseme nyumba yake, baada ya kubana kila kinachobanika, inahitaji 270,000 za chakula, 120,000 za kodi, 60,000 za maji, umeme na gesi, na 100,000 za nauli na mahitaji ya shule. Jumla 550,000. Kila mwezi atapungukiwa 250,000, na kwa miezi 6 ni 1,500,000. Fao likichelewa miezi 2 kuanza kulipwa, ongeza 1,100,000 za miezi hiyo mitupu. Pengo lote ni 2,600,000.

Kiinua mgongo kikilipwa chote na kwa wakati, kinaziba zaidi ya nusu. Kinachobaki ni kama 1,150,000, karibu sawa na matumizi ya miezi 2. Hilo ndilo lengo la kwanza la akiba kwa familia ya namna hii. Wataalamu hupenda kutaja miezi 3 hadi 6 ya matumizi, na mfanyakazi wa kawaida akisikia hivyo hukata tamaa kabla hajaanza. Miezi 2 inafikika: akiweka 60,000 kila mshahara unapoingia, mwezi wa 19 atakuwa amefika.

Lakini wenye mikataba ya muda maalumu wajihesabu tofauti. Mkataba wa mwaka mmoja au miwili ukiisha kwa kufika tarehe yake, sheria haimlazimishi mwajiri kulipa kiinua mgongo. Mtu anaweza kufanya kazi pale pale kwa mikataba iliyofuatana, akidhani miaka inajikusanya, kumbe siku ya mwisho hana chake zaidi ya mshahara na likizo. Yeye alenge pengo lote, zile 2,600,000, na aanze mwezi wa kwanza wa mkataba.

Kodi nayo ina mtego wake. Wapangaji wengi hulipa kwa miezi 3 au 6 kwa mkupuo, kwa hiyo zile 120,000 za kila mwezi kwenye hesabu hugeuka kuwa 360,000 au 720,000 za siku moja. Angalia tarehe kodi yako inapoisha na uitengee fungu lake, lisichanganywe na akiba ya kukosa kazi.

Mahali pa kuweka fedha ndipo wengi walio na nidhamu ya kuweka akiba wanapokwama. SACCOS ni chombo kizuri cha kukopea, si cha kukimbilia kazi inapokatika. Hisa na akiba kwa kawaida haziguswi hadi ujitoe uanachama, tena kwa notisi, na kama umemdhamini mwenzako mkopo, akiba yako inashikiliwa mpaka amalize. VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana, nako fedha iko mikononi mwa wanachama hadi mzunguko uvunjwe. Kiwanja hakiuzwi kwa wiki moja ila kwa bei ya kutupa. Akaunti ya muda maalumu unaweza kuivunja, lakini riba unaipoteza, yote au sehemu.

Ninachopendekeza ni matumizi ya mwezi mmoja yakae kwenye akaunti ya benki isiyo na kadi mfukoni, na ya mwezi wa pili yanunuliwe vipande vya Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayoendesha mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Huko fedha inazaa, na ukiuza vipande unalipwa ndani ya siku 3 za kazi. Simu ya mkononi isiwe ghala. Ni rahisi mno kutoa, na makato ya kutoa yanakula kidogo kidogo.

Kuhusu bima, nataka niondoe kutoelewana ambako kumeumiza familia nyingi. Mfanyakazi anapochukua mkopo benki, hukatwa bima ya mkopo mwanzoni kabisa, na husaini akiamini kwamba amekingwa na kila balaa. Mara nyingi bima hiyo inahusu kifo na ulemavu wa kudumu tu. Kinga ya kupoteza ajira, pale inapokuwepo, huwa ni kipengele cha ziada chenye masharti: hulipa marejesho ya miezi michache, haimgusi aliyejiuzulu, aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu wala aliyemaliza mkataba, na huwa na kipindi cha kungoja. Kabla ya kusaini, uliza kwa maandishi: je, inagusa kupunguzwa kazini, inaanza kufanya kazi lini, na inalipa marejesho mangapi? Ukikataliwa dai bila sababu ya haki, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na kama huna kinga hiyo, nenda benki kabla rejesho la kwanza halijapita ukaombe muda uongezwe. Ukisubiri hadi uwe mdaiwa sugu, mlango unaobaki wazi ni wa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa mno.

Tusisahau kadi ya matibabu. Bima ya afya inayolipwa kupitia mwajiri hukoma ajira inapokoma, na bima mpya ya binafsi huweza kuwa na muda wa kungoja kwa baadhi ya huduma. Mwenye mama mjamzito au mgonjwa wa kisukari nyumbani aulize mapema, wiki ile ile ya notisi, kadi inazimwa tarehe gani.

Lililo zito kuliko yote ni karatasi. Kuna waajiri wanaomwita mfanyakazi wanayetaka kumpunguza na kumshawishi aandike barua ya kujiuzulu “ili mambo yaende haraka”. Usiandike. Barua hiyo inakuondolea fao la kukosa ajira, inakunyima kiinua mgongo, na inadhoofisha madai yako mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kupunguza wafanyakazi kuna utaratibu wake kisheria: mwajiri atoe taarifa ya kusudio, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kuhusu namna ya kuepuka au kupunguza athari na vigezo vya kuchagua nani aondoke. Akiuruka utaratibu huo, una siku 30 tangu kuachishwa kupeleka mgogoro CMA kwa kujaza Fomu Na. 1. Madai mengine, kama mishahara isiyolipwa, yana siku 60. Siku hizo huisha upesi wakati watu bado wanasubiri ahadi za mdomo za ofisi ya utumishi.

Na kabla ya yote hayo, ukiwa bado kazini, omba taarifa ya michango yako NSSF angalau kila robo mwaka. Makato kuonekana kwenye hati ya mshahara hakuthibitishi kwamba fedha imefika Mfukoni. Miezi isiyowasilishwa ndiyo inayomfanya mtu aambiwe kwamba hajafikisha 18. Hakikisha pia jina kwenye kitambulisho cha NIDA, uanachama wa NSSF na akaunti ya benki ni moja, herufi kwa herufi. Tofauti ndogo ya jina la kati inatosha kukwamisha malipo huku ukizunguka kutafuta hati ya kiapo.

Ombi langu kwa Wizara inayosimamia kazi na kwa vyama vya wafanyakazi ni moja. Mwajiri asiruhusiwe kufunga faili la mfanyakazi aliyemwachisha bila kumkabidhi, siku ile ile ya mwisho, barua inayotaja wazi sababu ya kuachishwa, cheti cha utumishi, mchanganuo wa malipo yake, na uthibitisho wa michango iliyowasilishwa NSSF hadi mwezi huo.

Mdau wa hifadhi ya jamii,
Dar es Salaam