Ami, tahariri haiwekwi jina

Ami, asalam aleikum.

Mwaka wa pili huu simu zangu huzipokei, basi nakuandikia hapa, watu wote wasome.

Ile siku ya hitma ya Bibi haijanitoka. Kahawa ilikuwa imeshazunguka, wazee wameketi mkekani, nawe ukakunjua gazeti lililofungiwa mahamri, mafuta yameshaingia karatasini. Ukaisoma kwa sauti ile tahariri ya kuondoa vibanda karibu na soko la Marikiti, kisha ukanigeukia: "Hata jina umeona haya kuweka!"

Tahariri haiwekwi jina, Ami. Ni sauti ya gazeti zima: tunakaa kikao, tunabishana, kisha mmoja anapewa kalamu. Neno lenyewe limetoka kwa Waarabu, tahrir, na wewe uliyenisomesha alifu na be unalijua kuliko mimi. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti la Al-Islah papa hapa Mombasa mwaka 1932, akawakosoa watu wake mwenyewe.

Makala yenye majina yako ukurasa wa upande wa pili. Wamarekani huuita op-ed. Wengi hudhani maana yake ni maoni tu, kumbe ni ukurasa unaokabiliana na tahariri. New York Times waliuanza wa kwao tarehe 21 Septemba 1970, ili watu wa nje ya gazeti wapate pa kusemea, hata kulipinga gazeti lenyewe.

Siku ile, mkabala na tahariri, palikuwa na makala ya mchuuzi anayetetea vibanda, jina lake juu. Mimi ndiye niliyemfuata sokoni, nikakaa naye mpaka adhuhuri, yeye akisema nami nikiandika. Ukurasa huo uliukunja nyuma.

Najua kibanda chako kilivunjwa wiki ile ile. Najua pia karo yangu ilitoka kwenye bizari na pilipili manga ulizopima pale. Na kalamu, Ami, siku ile nilipewa mimi. Nilipinga kikaoni, nikashindwa, nikaandika. Ningekataa angeandika mwingine, tena kwa ukali. Ile aya ya mwisho, kwamba wachuuzi watafutiwe mahali kwanza, niliitia mimi. Hukufika huko. Ulisoma aya tatu ukalitupa gazeti mkekani, mbele ya wakwe zangu.

Nililiokota. Ninalo, bado lanukia iliki. Ijumaa baada ya swala nitakuja nalo, unisomee lililobaki.