Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Maonyesho ya Filamu, Ujumuishi na Afya ya Akili

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji nawasilisha taarifa ya mwaka uliokwisha. Shughuli za kawaida mnazijua. Filamu zilionyeshwa kila mwezi, mshauri nasaha aliongoza mijadala, mkalimani wa lugha ya alama hakukosa, na Desemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu, iliadhimishwa. Wanachama waliosajiliwa ni 84, waliolipa ada 31, wastani wa wahudhuriaji 40, na zaidi ya nusu yao si wanachama.

Sasa nije kwenye jambo lililozua maneno: filamu ya Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani. Kamati iliiondoa filamu iliyokwisha kutangazwa ikaweka nyingine. Imesemwa kwamba mwenyekiti aliamua peke yake. Si kweli. Kamati ilikaa, na muhtasari uko kwa katibu kwa yeyote anayetaka kuusoma. Hoja niliileta mimi, hilo silikatai, kwa sababu mimi ndiye niliyeitazama filamu ile mwanzo hadi mwisho kabla ya kuionyesha. Ina tukio la mtu kujiua, limeonyeshwa hatua kwa hatua pamoja na njia aliyotumia.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watengenezaji wa filamu mwaka 2019, na linashauri wasionyeshe kitendo chenyewe wala njia, maana mtazamaji aliye katika hali ngumu anaweza kuiga. Shirika hilohilo linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka. Sisi tunawaita ukumbini watu wanaopambana na hali hiyo ngumu. Tungewaonyeshaje?

Wapo waliosema tungekata kipande kile. Kibali cha kuonyesha filamu hadharani si ruhusa ya kuikata kazi ya mtu. Wengine wakasema lingetosha tangazo mlangoni. Mtu aliyekwisha kaa katikati ya safu, akiinuka tukio lile linapoanza, ukumbi mzima unamtazama, na kila mmoja anajua kwa nini ametoka. Huo ndio unyanyapaa tunaoupiga vita.

Mada yenyewe hatukuikimbia. Kumwuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo, na mshauri wetu alilisema hilo wazi siku ile. Filamu iliyochukua nafasi ilihusu mtu mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, anayetafuta msaada. Baada yake, kijana ambaye hukaa karibu na mlango na kuondoka mapema alibaki, akaomba kipaza sauti, akaeleza jinsi alivyoshindwa kutoka kitandani hadi akapoteza kazi. Mama yake alikuwa kiti cha pili. Alisema hajawahi kumsikia akilitaja jambo hilo mbele ya watu. Kwangu mimi uamuzi ulikuwa sahihi, na likitokea tena nitaleta hoja ileile.

Kuhusu taa za ukumbini wakati wa onyesho, zitaendelea kuwaka nusu. Mikono ya mkalimani haionekani gizani, na mwenye usonji anayehitaji kuinuka na kutembea nyuma ya viti hapaswi kujikwaa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 30, unataja filamu kwa jina. Hatuwafanyii hisani.

Kinachonisikitisha ni mahudhurio yenu. Mkutano wa nusu mwaka uliahirishwa kwa kukosa akidi, lakini maneno juu ya filamu ya Oktoba yalitoka kwa watu ambao siku ile sikuwaona. Wanachama 53 hawajalipa ada. Mkalimani na mshauri hulipwa kwa ada hizo, na kuna miezi nilijazia kutoka mfukoni mwangu ili onyesho lisivunjike. Mweka hazina ni shahidi.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kuwa na maelezo ya sauti kwa wasioona, kuzifikia shule, na kupata wafadhili. Mipango itaelezwa kadiri uwezo utakavyoruhusu.

Daftari la ada liko kwa mweka hazina, meza ya mlangoni, na atakuwepo hadi mkutano ufungwe.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti