Safari ya Unguja: mchango mwisho Ijumaa

Habari za jioni wapendwa. Safari ipo palepale, ila hatutakula hotelini. Jioni ya kwanza tunakwenda Forodhani: mishikaki, na juisi ya miwa inayokamuliwa na ndimu na tangawizi mbele ya macho yako. Ulizeni bei kabla ya kuchagua. Kesho yake mchana, urojo wa Mji Mkongwe wenye bajia na kachori. Bakuli moja linashibisha kweli. Nungwi tutakwenda kwa daladala namba 116, si teksi.

1. Mchango sh. 180,000 kwa mhazini, mwisho Ijumaa hii saa 12 jioni.
2. Jumamosi ya wiki ijayo tukutane bandarini Dar saa 12 asubuhi, kitambulisho mkononi.

Anayekuja aandike "nipo" leo kabla ya kulala, tujue tiketi ngapi za boti.