Kwa Nini Tunakitoa Kioo Kwenye Fremu Kabla ya Kukichora

Wateja wanaotaka madirisha yenye mng'ao kama wa vioo vya rangi vya Dispensari ya Zamani, katika Barabara ya Mizingani kule Unguja, hushangaa tunapowaambia kwamba kioo sharti kitolewe kwanza kwenye fremu. Kwa dirisha la alumini kazi hiyo ni ndogo. Kwa la mbao inachukua muda zaidi, na gharama yake tunaitaja mapema.

Kioo halisi cha aina hiyo hupata rangi kikiwa bado tanurini, kwa kuchanganywa na madini kama kobalti, ambayo hutoa buluu, kisha vipande hukatwa na kuunganishwa kwa vifito vya madini ya risasi. Sisi huchora juu ya kioo cha kawaida. Tunaanza na mistari minene inayokamuliwa kutoka kwenye tyubu ili kuiga ile risasi, tunaiacha ikauke hadi kesho yake, ndipo tunajaza rangi angavu inayopitisha mwanga.

Rangi hiyo ni nyepesi mno, nayo humiminwa zaidi kuliko kupakwa. Kioo kikiwa kimesimama, huteremka na kujikusanya chini ya kila umbo, huku sehemu ya juu ikibaki imepauka. Kikilazwa mezani, hutandaa yenyewe na kujisawazisha. Hapo mistari ndiyo kingo, na palipo na mwanya hata wa tundu la sindano, kijani kitapenya kwenye nyekundu na kuiharibu. Viputo tunavitoboa kwa sindano rangi ikiwa bado mbichi, kwa sababu ikishaanza kushika, kukigusa kiputo huacha kovu.

Malalamiko tunayoyasikia zaidi kuhusu kazi za namna hii ni kubanduka, na mara nyingi chanzo chake si rangi bali ni mafuta ya jikoni, alama za vidole au mabaki ya sabuni yaliyosalia kwenye kioo. Ndiyo maana tunakisafisha kwa spiriti na kukishika pembeni tu. Upande uliochorwa huelekezwa ndani ili usipigwe na mvua, na kwa mwezi mmoja wa mwanzo tunaomba usiguswe na maji. Baadaye kitambaa laini chenye unyevu kidogo kinatosha, bila dawa za vioo zenye amonia.

Zipo rangi za maji zinazookwa katika oveni, nyingine kwa nyuzi 160 kwa dakika 40, ambazo huwa imara zaidi. Hizo tunazitumia kwa bilauri na vioo vya taa, kwani dirisha haliingii ovenini. Kioo cha bafuni kinachomwagiwa maji kila siku hatukichori, hata mteja akisisitiza.

Mpangaji asiyeruhusiwa kugusa madirisha ya mwenye nyumba tunaweza kumchorea bamba la akriliki, yaani plastiki ngumu inayopitisha mwanga, la kuning'iniza mbele ya kioo. Tunachohitaji ni vipimo kwa sentimita na picha ya dirisha iliyopigwa mchana, ili tujue jua linaingia kwa nguvu kiasi gani, maana jua kali hupausha rangi upesi.