Barua kwa mpwa wangu aliyeondoka bila kunywa chai

Mpwa wangu,

Arobaini ya bibi yako imepita na simu zangu bado hupokei. Naandika hapa kwa sababu najua hapa unapita, hata kama unapita kimyakimya.

Ulisimama pale barazani, watu bado wana sahani za pilau mikononi, ukasema: “Mjomba ndiye aliyenifungia mlango. Teerasil angekuwa na mjomba kama huyu, Manchester City angeishia kuisikia redioni.” Ile karatasi ya wakala aliyekuahidi timu ya nje, yule niliyekataa kumlipa, ukaikunja mara nne, ukaitia mfuko wa shati, ukatoka. Chai aliyokumiminia mama yako ikapoa hadi ikafanya utando juu. Maneno nimeyasamehe. Kikombe kile bado nakiona.

Umemtaja Teerasil Dangda, yule straika wa Thailand, basi twende naye, maana mfano wako ni mzuri ila umeusoma nusu. Mwaka 2007 alikuwa na miaka 19, umri wako huu. Thaksin Shinawatra, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Thailand, alikuwa ameinunua City, na vijana watatu wa Kithai wakasajiliwa: yeye, Suree Sukha na Kiatprawut Saiwaeo. Picha zilipigwa, mkataba ukasainiwa. Hakucheza hata mechi moja ya ligi. Unajua kwa nini? Si mguu. Uingereza ya wakati ule ilitaka mchezaji wa nje ya Ulaya awe amecheza asilimia 75 ya mechi za ushindani za timu yake ya taifa kwa miaka miwili, na taifa lenyewe liwe ndani ya 70 bora za FIFA. Thailand haikuwamo. Angefunga mabao kumi kila siku mazoezini, kibali kisingetoka. Akapelekwa kwa mkopo Grasshoppers ya Uswisi, akachezea kikosi cha pili, kisha akarudi kwao.

Ndiyo maana nilikuuliza lile swali lililokuudhi: unaingia kwa nafasi gani? Ligi nyingi zina hesabu yake ya wageni. Hispania timu ina nafasi tatu tu za wachezaji wasio wa Umoja wa Ulaya, kwa hiyo anayemsajili Mthai anampima na Wabrazili na Waajentina wanaotaka kiti hicho hicho. Teerasil alikipata mwaka 2014, kwa mkopo Almería, akawa Mthai wa kwanza kucheza La Liga. Mechi sita za ligi, nyingi akitokea benchi, bila bao. Bao lake la kukumbukwa huko ni la Copa del Rey, Kombe la Mfalme, dhidi ya Real Betis. Na Desemba hiyo hiyo wenzake wa timu ya taifa walitwaa ubingwa wa Kusini Mashariki mwa Asia bila yeye. Mapema 2015 akarudi Muangthong United, klabu yake ya nyumbani.

Sasa tazama Japani. Ligi yao ilikuwa imetenga nafasi kwa wachezaji wa nchi washirika, Thailand ikiwamo, bila kula nafasi ya mgeni wa kawaida. Mwaka 2018 Sanfrecce Hiroshima wakamchukua kwa mkopo. Mechi ya kwanza ya ligi, dhidi ya Consadole Sapporo, bao pekee lilikuwa lake. Alimaliza na mabao sita, timu ikashika nafasi ya pili. Mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni kanuni ya mlangoni, pamoja na dakika alizokuwa amezikusanya nyumbani.

Dakika hizo wewe unazidharau, na hapo ndipo unaponiumiza. Aliporudi kutoka Uswisi alichukua ubingwa na Muangthong mwaka 2009, timu ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja. Mwaka 2012 alifunga mabao 24, timu ikamaliza ligi bila kupoteza mechi. Straika hujifunza kwa kurudia: kumwacha beki atangulie kukimbilia mlingoti wa karibu, kisha kukatika nyuma yake hatua mbili kabla krosi haijapigwa. Ukikatika mapema beki anakuona, ukichelewa mpira umepita. Benchi halimfundishi mtu hilo. Tarehe 15 Novemba 2016, Bangkok, nchi ikiwa kwenye maombolezo ya mfalme, Thailand ilitoka 2-2 na Australia na mabao yote mawili ya Thailand alifunga yeye, moja la penalti. Mwezi uliofuata, kwenye fainali ya ubingwa ule wa Kusini Mashariki mwa Asia, kipa wa Indonesia Kurnia Meiga akampangulia penalti, wakati bao moja tu la wageni lingesawazisha jumla ya mechi mbili. Thailand ikatwaa kombe, naye akawa mfungaji bora wa mashindano. Unaikumbuka penalti hiyo kwa sababu ulicheka. Katika historia yote ya michuano hiyo hakuna aliyemfikia: mabao 25.

Mguu wako wa kushoto naujua, na sisemi hivi kwa sababu hufai. Lakini ile karatasi haikuandika nani anaomba kibali cha kazi, mkopo ni wa miezi mingapi, wala nani analipa bima na tiketi ya kurudi ukikataliwa kwenye vipimo. Na yule wakala alitaka pesa mbele. Klabu inayokutaka kweli haikutozi wewe; inaandika barua ya mwaliko kwa jina lako, na uhamisho unapita kwa shirikisho letu, ambalo ndilo linalotoa hati ya kimataifa ya uhamisho. Ningetoa zile pesa ungenipenda wiki mbili. Mama yako alilia nami nikasema hapana, na ningeulizwa leo ningesema hapana tena, hata mbele ya watu wale wale. Sikuwa na wivu na wewe. Nani anaona wivu kwa mtoto aliyemfunga kamba za viatu?

Karatasi ikiwa bado unayo, ilete Jumapili. Tutapiga simu klabuni kwenyewe, kwa namba tutakayoitafuta sisi, si ile aliyoandika wakala chini ya ukurasa. Mama yako atapika chai upya.